Ameacha Mjane, Watoto 5 na Bati 18

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye tulikula naye wali wa msiba sahani moja, ameshawatangazia kwamba nilimdai mchungaji mbele ya jeneza, nimeona nijieleze mwenyewe kabla habari hazijafika kwa wakwe zangu. Sikumdai mchungaji. Nilichofanya ni kibaya zaidi, na mchungaji ndiye aliyeniokoa, kwa sababu zake ambazo mtazielewa mbele ya safari.

Tuliyekuwa tukimzika ni Baba Mkubwa, yule wa duka la vifaa vya ujenzi jirani na soko la Mbuyuni, Moshi, ambaye akikupimia kilo moja ya misumari lazima aongeze konzi moja "ya mtoto", uwe na mtoto au usiwe naye. Kamati ya msiba ilinipa kazi ya kuandika na kusoma wasifu wake, kwa sababu eti mimi ndiye msomi wa ukoo. Usiku wa kuamkia maziko, kule Marangu, umeme ulikatika, na karatasi pekee niliyokuwa nayo ilikuwa kaunta buku yake ya dukani, ambayo Mama Mkubwa alinipa nitafute tarehe. Marehemu hakutenganisha daftari la biashara na daftari la familia, yote yaliishi humo. Siku alipozaliwa mjukuu wake wa 11 aliandika hivi: "Saruji mifuko 40 imeingia. Binti kajifungua salama, mtoto wa kike. Leo tunafunga saa 6."

Nilisoma mstari huo kwa tochi ya simu, nikalia, kisha nikaandika wasifu kwenye karatasi 4 zilizokuwa wazi katikati ya daftari, upande mmoja mmoja, nikijipongeza kwamba Baba Mkubwa ataagwa kwa daftari lake mwenyewe. Sikujiuliza karatasi inayofuata ina nini.

Nilianza vizuri mno. Nilieleza jinsi msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulivyomkuta akiwa kijana wa kuuza sabuni, akazika katoni 2 chini ya migomba ya baba yake, masika yakanyesha, na kihamba kikatoa povu siku tatu. Nilieleza alivyofungua duka wakati wa Mzee Ruksa, na alivyokuwa akilifunga kila siku saa 7 mchana, hata foleni iwe imefika barabarani, ili ale na mkewe. Watu walicheka kwa adabu, wakafuta machozi kwa adabu, nami, Mungu anisamehe, nikaanza kujisikia.

Nikafika mwisho wa karatasi ya 3: "Marehemu ameacha mjane, watoto 5, wajukuu 11, na..."

Karatasi ya 4 ilianza kwa maneno "pengo lisilozibika". Lakini manyunyu ya asubuhi yalikuwa yameigandisha na ile ya 3. Nililamba kidole, nikafunua zote mbili kwa pamoja, nikaendelea kwa sauti ile ile ya majonzi niliyoifanyia mazoezi usiku kucha: "...bati 18 za geji 30."

Hakuna aliyeshtuka. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alimnong'oneza mwenzake, "Ameacha mali huyu," na hilo ndilo lililoniponza, kwa kuwa nilipata moyo wa kuendelea. "Fundi wa Himo, amelipa nusu," nikasema. "Nondo 6 za milimita 12, mwenyekiti wa kitongoji, baada ya mavuno ya kahawa." Hapo kimya kikabadilika. Viti vya plastiki vilianza kulia kimoja baada ya kingine, na bwana mmoja wa nyuma akavaa kofia na kuishusha mpaka puani.

Ndugu zangu, wakati huo nilikwisha kujua ninasoma nini. Mnaouliza kwa nini sikunyamaza, jibu ni kwamba jicho lilikuwa limetangulia mstari mmoja, likaona maneno "Mtoto wa mdogo wangu, yule msomi". Kwa tamaa ya kusifiwa nikadhani Baba Mkubwa ameacha neno jema juu yangu, na kwamba neno hilo litaifunika aibu yote. Basi nikakisogeza kipaza sauti karibu, nikasoma pole pole ili kila mtu asikie:

"Mtoto wa mdogo wangu, yule msomi: rangi ndoo 1, kufuli 2, na taslimu shilingi 180,000. Anasema wiki ijayo, tangu 2019."

Mstari uliofuata sitausema hapa wala popote. Nitasema tu kwamba mchungaji alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, macho yake bado ni mazima, na kabla sijavuta pumzi alikwisha kuinua mikono na kusema "Tuombe", hali ratiba ilikuwa bado na salamu za rambirambi za makundi 4.

Yaliyobaki ni mafupi. Lile tangazo la mwisho, kwamba anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aonane na familia, mtoto mkubwa aliona hana haja ya kulitoa. Kabla matanga hayajaisha, fedha za nondo zililetwa mkononi, na kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Mama Mkubwa, ambaye kwa siku tatu hakuwa ametia kitu kinywani, alikuwa amejiinamia mabega yakimtikisika, wanawake wakakimbia kumshika wakidhani amezidiwa na kilio, kumbe anacheka. Jioni akaomba chai na chapati. Karatasi ya 4 haijasomwa mpaka leo.

Deni langu nimeshapunguza 50,000. Zilizobaki nimemwambia Mama Mkubwa ni wiki ijayo, naye akaagiza aletewe kalamu.