Bakuli Rahisi, Utumishi Juu Yangu

Watu wa Singapore watakwambia mambo mawili kabla hujakaa: kwamba chakula cha vibandani kwao ni rahisi, na kwamba UNESCO iliutambua utamaduni wao huo mwaka 2020. Sawa. Ila hawasemi mhudumu ni nani. Mhudumu ni wewe.

Anza na meza. Saa saba mchana, jasho mpaka kwenye soksi, feni zinazunguka kwa kujilazimisha. Unaona meza tupu, moyo unaruka, kumbe juu yake kuna pakiti ya tishu. Basi hiyo ina mwenyewe! Yeye yuko foleni huko, tishu inamlindia kiti, na watu wazima na tai zao wanaipita kwa heshima. Mimi mtu wa Dar. Iache tishu mezani Kariakoo uone: ukirudi utakuta watu wanne wanajifutia midomo.

Nilikuwa natafuta mee hoon kueh, vipande vya unga wa ngano vinavyonyofolewa kwa mkono na kupikwa kwenye supu. Vibanda vingi wanatia nguruwe wa kusaga, kwa hiyo nikazunguka mpaka nikaona cheti cha halali, hapo nyama ni kuku. Foleni imefika mlango wa choo. Lakini haki yake nimpe yule anti: ana bonge la ngano lililokandwa likalainika, analivuta mpaka linakuwa jembamba, halafu ananyofoa kwa vidole vipande visivyolingana, vinatumbukia kwenye maji yanayochemka. Macho yako kwa wateja, mikono inajiendea. Wakati huohuo anauliza, "Pilipili?" Nikamwambia weka, anti. Mswahili gani anaogopa pilipili? Ile ni pilipili kichaa kwenye sosi ya soya. Masikio yaliziba.

Dola 5 za Singapore. Kwao bei ya mnyonge. Mimi nikizigeuza kuwa shilingi, roho inaniuma, kwa hiyo sigeuzi tena.

Sasa sikilizeni kilichomo. Yai, uyoga, majani mabichi, na supu ya... dagaa. Dagaa wakavu wamechemshwa mpaka wametoa utamu wao wote, halafu wenzao wamekaangwa wakawekwa juu, wakavu, wanalia kwenye meno. Mimi huyu, ambaye nyumbani nikisikia leo dagaa naaga naenda kwa jirani! Eti nimepanda ndege kuja kuwasaka chini ya bakuli kwa vijiti. Na vile vipande vya ngano vinateleza, unakinyanyua, kinarudi supuni, shati linapata habari. Kijiko kipo, lakini meza ya pili kuna mtoto hajaanza hata shule anakula kwa vijiti huku ananitazama. Ningekishika vipi?

Nimeshiba, nataka kunyoosha miguu. Thubutu. Tangu 2021 ni sheria kurudisha trei mwenyewe, ukizoea kuiacha utalipa faini. Na si popote: trei za halali zina rafu yake, nyingine zina yake. Nimeagiza, nimebeba, nimefuta meza, nimerudisha vyombo. Bado kunipa aproni.

Jioni mama akapiga simu. "Umekula nini huko ughaibuni, baba?"

"Unga na dagaa, mama."

Kimya. Kisha nikamsikia anamwambia dada yangu kwa sauti ya chini, "Hebu angalia kama kuna kitu kwenye M-Pesa, tumtumie kaka yako."