Kuhama benki huku Mangi anakudai

Aliyekulia uswahilini Dar analijua daftari la madeni la Mangi mwenye duka. Linakaa chini ya kaunta, pembe zimekunjika, jalada lina mafuta, na ndani kuna ukurasa wenu: unga kilo mbili, sabuni kipande, mafuta ya kupima, vocha ya elfu moja. Mkihama Mwananyamala kwenda Mbagala, Mangi hana neno na safari yenu. Anachotaka kujua ni nani atafuta ule ukurasa. Na Mangi mtakayemkuta Mbagala hajui lolote kuhusu unga mlioukopa kwingine, wala hajui ninyi ni watu wa namna gani.

Nimelikumbuka daftari hilo huku Leicester, kwa sababu ndani ya mwezi mmoja watu watatu wameniuliza swali lile lile: "Dada, nina ovadrafti, naweza kuhama benki?" Ovadrafti ni ruhusa ya kuchota benki kupita pesa ulizonazo, na hao tayari wameshachota. Kuhama unaweza. Lakini mimi nasema usihame nayo, na nina sababu zangu.

Kwa aliye Uingereza na hana deni, kuhama benki ni kazi ya dakika kumi. Tangu Septemba 2013 kuna Current Account Switch Service, huduma ya kuhamisha akaunti kutoka benki moja kwenda nyingine. Unaomba kwa benki mpya, wao wanaongea na ile ya zamani, na baada ya siku saba za kazi kila kitu kimehamia upande wa pili: mshahara, kodi ya nyumba, makato ya umeme, simu, gym usiyokwenda. Akaunti ya zamani inafungwa, na mtu akituma pesa kwa namba ya zamani zinaelekezwa zenyewe kwenye mpya. Juu ya hapo benki zinagombania wateja kwa zawadi, mara paundi 100, mara 175, mara 200. Tangazo likitoka asubuhi, mchana limeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp.

Matangazo hayo yanawapita haraka sana watu ambao salio lao lina alama ya kutoa mbele.

Mambo yanakwenda hivi. Ovadrafti ni ruhusa, na ruhusa hiyo umepewa na benki moja tu, iliyokuangalia mshahara wako na mwenendo wako. Ukihama, ruhusa haihami. Deni ndilo linalotafuta pa kwenda. Benki mpya ikikukubalia ovadrafti inayotosha, inalipa kule ulikotoka na akaunti yako mpya inaanza maisha ikiwa chini ya sifuri. Ni kama Mangi wa Mbagala amemlipa Mangi wa Mwananyamala kisha akakufungulia ukurasa wake. Ikikukatalia, au ikikupa paundi 250 wakati unadaiwa 640, kinachobaki ni juu yako wewe na benki ya zamani mkae mpange. Kuna dhamana kwamba malipo yako yatahama salama. Dhamana ya kwamba utapewa ovadrafti mpya haipo.

Na benki mpya inaweza kukukubalia akaunti huku ikikunyima ovadrafti. Ni maamuzi mawili tofauti, na hapo ndipo wengi tunapoanguka. Shoga yangu mmoja alipoona ujumbe wa "Karibu, akaunti yako iko tayari", akadhani na yale mengine yameisha. Mshahara ukahamia kwingine. Barua ikaja kutoka benki ya zamani: deni lako lingali kwetu, tupigie. Akaiweka juu ya friji. Ikaja ya pili, nayo ikapanda juu ya friji. "Si nimeshahama kwao?" aliniambia. Miezi michache baadaye deni lilikuwa kwa wakusanya madeni, na rekodi yake ya mikopo ilikuwa na doa ambalo hukaa miaka sita. Yote hayo kwa zawadi ya paundi 175, ambayo hata hivyo hakuipata, maana masharti yalitaka aingize kiasi fulani kila mwezi na mwezi ule alikosa zamu.

Mimi mwenyewe niliponea chupuchupu. Nilikuwa nadaiwa zile 640 nilizozitaja hapo juu, sikuziokota hewani. Zilianza na Januari moja, mwezi dume kama kawaida yake, mama akiwa amelazwa Tanga. Nikatuma pesa usiku huo huo na nikajisikia mtoto mwema kweli kweli. Mwisho wa mwezi ndipo nilipokaa na kuona kwamba nilichotuma hakikuwa changu, kilikuwa cha benki. Baadaye nilipomweleza mama, akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo si riba?" Nikajifanya mtandao unakatika.

Ni riba, na si ndogo. Hadi Aprili 2020 benki za huku zilikuwa na utitiri wa ada: ada ya siku, ada ya mwezi, faini ya kuvuka kiwango, hata mtu mwenye digrii ya hesabu asingeweza kukwambia analipa kiasi gani. Mamlaka inayosimamia huduma za fedha, FCA, ikapiga marufuku, ikaagiza kila benki itaje riba moja ya mwaka. Nia ilikuwa njema, na waliokuwa wakipigwa faini za kuvuka kiwango walipumua. Lakini benki nyingi kubwa zikatua karibu na asilimia 40, zikifuatana kama siafu, na wako waliokuwa wakilipa chini ya 20 wakajikuta wanalipa mara mbili. Kwa asilimia 39.9, paundi 640 zinazaa karibu paundi 18 kwa mwezi. Hiyo kwangu ni nauli ya basi ya wiki nzima, na zaidi.

Jambo jingine walilolirekebisha mwishoni mwa 2019 naliona la maana kuliko yote, ingawa watu hawalizungumzi. Kabla ya hapo, ukifungua simu kuangalia pesa ulizonazo, benki iliweza kukujumlishia na ovadrafti. Una paundi 60 zako, ruhusa ya kukopa 1,000, simu inakwambia una 1,060. Nani hapo hataingia dukani kifua mbele? Wakakatazwa. Namba siku hizi zinasema kweli, lakini vichwa vyetu bado vinajumlisha.

Ovadrafti haikubuniwa kwa ajili ya watu kama sisi. Ile ya mwanzo inayojulikana ilitolewa Edinburgh mwaka 1728, pale Royal Bank of Scotland ilipomruhusu mfanyabiashara William Hogg achote paundi 1,000 kupita alizokuwa nazo. Hogg alikuwa na biashara: pesa zake ziko kwa wateja, zitarudi. Ukikopa kwa mkate, nauli na vipimo vya hospitali, hakuna mteja atakayekuja wiki ijayo kukulipa. Kuna mshahara ule ule, na umeshapungua kabla haujaingia. Ndugu zetu Kenya wenye Fuliza, ile ovadrafti ya M-Pesa, wanaijua hali hii: pesa inatumwa, unasikia mlio wa ujumbe, unafungua, imeshamezwa.

Kwa hiyo nilichofanya ni hiki. Benki mpya ilipokubali akaunti na kukataa ovadrafti, sikubonyeza ule uhamisho kamili. Nikafungua akaunti kama akaunti ya pili tu, ya zamani ikabaki wazi na deni lake. Nikamwambia mwajiri namba mpya, nikahamisha makato moja baada ya moja kwa mkono wangu. Ni kero, na bima ya gari iliniponyoka hadi wakanitumia barua ya vitisho. Kisha nikaweka malipo ya kudumu: kila mwezi, siku moja baada ya mshahara, paundi 75 zinakwenda kwenye akaunti ya zamani. Siku moja baada, si wiki moja baada. Wiki ni ndefu.

Hatua niliyochelewa kuijua ni ya kushusha kiwango. Nilipolipa mwezi wa kwanza, deni likapungua, na ruhusa ikawa palepale kwenye 1,000, inanikonyeza. Mwezi wa pili nikachota tena 40 za mchango wa harusi ya binamu. Nikajikasirikia, nikaingia kwenye programu ya benki, nikashusha kiwango hadi kikaribie deni lenyewe, na kila nilipolipa nikakishusha tena. Ni kumwambia Mangi, hata nikija nimelia, usinipe.

Tahadhari moja, maana njia hii si salama kwa asilimia mia. Ovadrafti ni deni ambalo benki inaweza kulidai lote wakati wowote. Ukiondoa mshahara wako kimya kimya, wanaweza kuona umepotea na kukufungia ruhusa. Mimi niliwapigia kwanza. Nilisubiri dakika arobaini nikisikiliza piano, nikapata kijana mpole, nikamweleza nalipa 75 kila mwezi. Akaandika, basi. Na zile barua zinazosema "tumeona unatumia ovadrafti mara kwa mara", msizitupe. Benki zinatakiwa kuwatambua watu wa aina hiyo na kuwasaidia, na barua hiyo ndiyo mlango wa kuomba riba ipunguzwe au deni lipangwe upya. Kama madeni ni mengi na usiku hulali, mashirika ya ushauri ya StepChange na Citizens Advice yanasikiliza bure. Usimlipe mtu wa Facebook anayedai atakusafishia jina.

Wanaopenda kuhamia benki inayotoa ovadrafti isiyo na riba kwa muda, sawa, hesabu inaweza kukubali. Wanafunzi hasa wana nafasi nzuri, ila wajue ukimaliza chuo ile ruhusa ya bure huwa inapunguzwa mwaka hadi mwaka. Wasiwasi wangu ni kwamba muda wa bure ukiisha, unakuwa na deni lile lile kwa Mangi mwingine, naye kwa kawaida hayuko nafuu. Ukiamua hivyo, tumia kwanza kile kikokotoo cha benki kinachokwambia kama watakukubali, kabla ya kuomba rasmi na kuacha alama kwenye rekodi. Na kama akaunti ni ya pamoja na mumeo au mkeo, kila mmoja wenu anadaiwa deni zima, si nusu. Wengi wanalijua hilo wakiwa kwa wakili.

Kinachoniudhi ni kwamba huduma hii ya kuhama benki inasifiwa kuwa inampa kila mtu uhuru wa kuondoka benki asiyoipenda. Mwenye akiba anaondoka na anapewa paundi 175 za njiani. Anayelipa riba ya asilimia 40, ambaye ndiye mwenye sababu kubwa ya kuondoka, anaambiwa akapange mwenyewe. Kama wameweza kuhamisha makato yote ya mtu kwa siku saba, sioni kwa nini benki mpya isilazimike kumwambia mteja siku ya kwanza, kwa herufi kubwa, kabla hajabonyeza chochote: ovadrafti yako hatuichukui.

Ilinichukua miezi kumi na moja, kwa sababu ya ile harusi. Siku salio liliposoma sifuri nilikuwa kwenye basi la kutoka zamu ya usiku, nikapiga picha ya skrini nikamtumia mama. Akajibu kwa sauti: "Sifuri? Sasa mbona unafurahi?"

Wiki iliyofuata nikaihamisha ile akaunti tupu kwenda benki ya tatu, uhamisho kamili, siku saba. Zawadi imeingia Ijumaa. Mama anataka mabati.