Unguja na vijana: acheni bahari ipange ratiba

Wazazi wanaoniuliza kuhusu likizo ya Unguja huanza na hoteli, wakaja kwenye boti, kisha orodha ya vivutio. Tukifika kwa watoto wao wakubwa, wale wa miaka 13 hadi 17, nasikia sentensi moja tu: "Hao watachoka siku ya pili." Mimi siamini kwamba kijana huchoshwa na Unguja. Huchoshwa na ratiba aliyoikuta imeshapangwa, ambayo yeye hana kazi ndani yake isipokuwa kufuata nyuma na kusimama anapoambiwa asimame apigwe picha.

Kwa hiyo nina pendekezo moja ninaloling'ang'ania. Kabla hamjapanda boti pale Dar es Salaam, mkabidhi mmoja wa vijana kazi ya kuangalia maji. Saa za maji kujaa na kupwa zinapatikana kwenye intaneti, siku kwa siku. Yeye ndiye aseme siku ipi mnakwenda pwani ya mashariki, saa ngapi mnaingia baharini, na siku ipi mnabaki mjini. Akishasema, mzazi usigeuze.

Hii si kazi ya kumpumbaza. Paje, Bwejuu na Jambiani, vijiji vya pwani hiyo ya mashariki, maji yakipwa hukimbia mbali sana, hadi unaona watu wakitembea mahali ambapo jioni kulikuwa na kina cha kuogelea. Familia nyingi hufika huko bila kujua, zikakuta uwanja wa mchanga na majani ya baharini, zikaudhika na kurudi zilikotoka. Kutoka kujaa hadi kupwa ni zaidi kidogo ya saa 6, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa hiyo mpango wa jana haufai leo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana. Mwezi ukionekana nusu tu, huja maji mafu, tofauti ikapungua. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, hata yakipwa bado mtu anaweza kuogelea. Kijana aliyeyashika haya anajua kitu ambacho baba na mama hawakijui, na familia nzima inamtegemea. Katika umri huo sijui zawadi kubwa kuliko hiyo.

Faida ya pili nimeiona nyumbani kwangu. Mwili wa kijana hubadilika: usingizi huchelewa kumjia usiku, na asubuhi huchelewa kumwachia. Wazazi tunauita uvivu, tunagonga mlango, siku inaanza kwa maneno. Lakini bahari haina mtu wa kubishana naye. Mwanangu, ambaye siku za shule huamshwa mara kadhaa, alitoka chumbani mwenyewe akiwa amevaa viatu vya maji, kwa sababu siku ile ya bamvua maji yalikuwa yanapwa saa 4 asubuhi na yeye ndiye aliyetutangazia. Sikuwa na la kusema isipokuwa kumfuata. (Viatu ni lazima. Kwenye miamba kuna viumbe wenye miiba mirefu inayovunjikia nyayoni. Na kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, muangalieni pale pale alipo majini. Kumtoa nje kwa ajili ya picha ni kumuumiza.)

Maji yakipwa ndipo mnapokutana na watu wa kisiwa wakiwa kazini. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na wakulima wengi ni wanawake. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizovutwa kati ya vijiti, wakafuata majira ya bamvua kuvuna. Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna utajiri ambao mgeni wa mbali hununua kwa kumlipa mwongozaji. Binti yangu alimwendea mama mmoja akamwambia, "Shikamoo bi mkubwa, naweza kukupiga picha?" Akajibiwa, "Marahaba mwanangu. Kwanza nishikie kamba hii." Akashika kamba muda mrefu, wakawa wanazungumza. Aliporudi alituambia kwamba aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa maji yanapopata joto, na kwamba wengi wamebaki na ile ya bei ndogo. Mabadiliko ya tabianchi alikuwa ameyasoma darasani bila kuyajali. Siku hiyo aliyajali.

Mjini nako nina neno, na hapa nitakaa kidogo.

Mpangilio wa kawaida ni mashamba ya viungo kwanza, kwa kuwa yanapendeza na yananukia vizuri, kisha Mji Mkongwe. Ninaomba mgeuze. Anzeni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza, na kanisa kuu la Anglikana likajengwa mahali hapo. Nje yake kuna sanamu za watu waliosimama shimoni na minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Msiwaharakishe vijana hapo. Kuna wazazi wanaopita haraka kwa hofu kwamba mambo haya ni mazito mno kwa mtoto wa miaka 14. Lakini waliopitishwa pale walikuwamo watoto wa miaka 14, na wadogo kuliko hao. Kijana anaweza kuubeba ukweli huu akiwa na mtu mzima pembeni yake ambaye hamkwepi.

Atauliza maswali, na mengine yatakuchoma. Wangu waliuliza nani alikuwa anawauza. Jibu la kweli ni kwamba walikuwapo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani, na walikuwapo watawala wa bara waliotoa watu kwa bunduki na nguo. Wengi wa mateka walitoka upande wa Ziwa Nyasa. Wanunuzi pia hawakuwa wa aina moja. Wafaransa walitaka watu wa kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Na hapa hapa Unguja na Pemba, walihitajika kwenye karafuu.

Ndiyo maana nasema mashamba ya viungo yaje baadaye. Mikarafuu ililetwa mapema karne ya 19 na Sultani Seyyid Said akaisukuma hadi ikawa uti wa mgongo wa uchumi wa visiwa, kwa mikono ya watumwa. Kijana aliyetoka Mkunazini jana, leo akipewa karafuu mbichi anuse, atauliza mwenyewe nani alikuwa anazichuma. Atakayekuwa ameanza na harufu hatauliza. Matembezi yale ni yale yale, lakini yamekuwa mambo mawili tofauti.

Msitu wa Jozani hauna haja ya maelezo mengi, vijana huupenda bila kusukumwa. Kima punju hawapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar, na wana tabia ya kula mkaa, jambo ambalo wataalamu wanalihusisha na sumu iliyomo kwenye baadhi ya majani wanayokula. Mkae mbali nao, hata wakiwasogelea wenyewe. Kisiwa cha Changuu pia ni safari fupi nzuri: gereza ambamo hawakufungwa wafungwa, likatumika kama karantini, na kobe wakubwa waliotoka Shelisheli.

Lipo jambo moja ambalo ningependa kila familia ilijadili kwa uwazi, nalo ni pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa. Boti huondoka alfajiri, nyingi kwa pamoja, zikawazunguka pomboo na kuwakatia njia ili abiria waruke majini karibu nao. Mimi naona ni kuwasumbua wanyama wanaotafuta chakula na mapumziko. Lakini sikuwaambia wanangu uamuzi wangu. Niliwapa yote ninayoyajua, pamoja na hoja kwamba manahodha wale wana familia za kulisha, nikawaachia.

Walijadiliana hadi usiku, mdogo akitaka sana kwenda. Mwishoni walikuja na jibu lao: hatutapanda boti ya pomboo, bali tutakwenda Dimbani, jirani ya hapo, kuuona msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Binti yangu alikuwa ameshamkumbusha kaka yake avae suruali ndefu, na amepanga tumtafute mtunza msikiti tuombe ruhusa kwanza, kwa kuwa ni mahali pa ibada hadi leo. Saa ya kuondoka aliipanga kaka mtu, baada ya kuangalia maji.