Biogesi ya samadi: gesi inatoka kweli, ila nani atalisha mtambo kila siku?

Mada ya biogesi ikianza tu watu wanagawanyika, hawa wanakwambia ukiwa na ng'ombe wawili na shimo la kujengea basi kuni na mkaa umeshaagana navyo, wale wanakwambia hiyo ni miradi ya kuzinduliwa na kupigwa picha, baada ya muda mtambo umekauka na umeota majani. Mi naona wote wana hoja, ila wanabishania kama gesi inatoka au haitoki na hilo wala halina ubishi. Inatoka. Samadi ukiichanganya na maji nusu kwa nusu ukaifungia isipate hewa, bakteria wanaivunjavunja wenyewe na unapata gesi ambayo kama asilimia 50 mpaka 70 ni methani, hiyo ndo inayowaka, inayobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi, na kidogo sana ile haidrojeni salfaidi inayonuka yai viza. Inawaka moto wa bluu bila moshi, na moshi sio kitu cha kuchukulia poa maana WHO wanakadiria hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Sasa tupige hesabu ambayo wauzaji wengi wa mitambo wanaipitia juu juu. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe inatoa kama lita 30 mpaka 40 za gesi, na ng'ombe anayefugwa ndani anaweza kukupa kilo 10 au zaidi kwa siku, kwa hiyo ng'ombe mmoja ni lita 300 mpaka 400 hivi. Jiko la kawaida la biogesi linakula kati ya lita 200 na 450 kwa saa. Yaani ng'ombe mmoja ni kama saa moja ya moto, basi! Familia inayowasha jiko saa tatu au nne kwa siku inataka ng'ombe watatu wanne, kilo 30 mpaka 40 za samadi, na maji karibu kiasi hicho hicho, kila siku ya Mungu, sikukuu na siku za kuumwa zikiwemo. Kama maji yako mbali, ule muda uliookoa kwenye kuni unauhamishia kwenye ndoo, na mbebaji mara nyingi ni yule yule aliyekuwa anabeba kuni. Mkojo wa ng'ombe unaweza kupunguza maji ya kuchanganyia, ila maji ya kufulia yenye sabuni na dawa ya kuua vijidudu yanawaua na bakteria unaowategemea.

Alafu kuna hili la mazingira, hapa ndo mabishano yanakuwa matamu. Methani inapasha joto dunia kama mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ukipima kwa miaka 100. Mfugaji mkubwa anayehifadhi kinyesi cha majimaji kwenye mabwawa tayari anazalisha methani inayopotelea hewani, huyo akiikamata akaichoma amefanya jambo la maana sana. Lakini kinyesi kinachoanguka malishoni kikakauka juani kinapata hewa, methani yake ni kidogo. Wewe ukikikusanya ukakifungia shimoni umetengeneza methani ambayo isingekuwepo, sasa kuba, yaani paa la mviringo la mtambo linaloshika gesi, likipata ufa au bomba likivuja, au watu wakawa wanafungulia gesi iliyozidi iende zake, inawezekana ungekiacha tu pale malishoni. Sisemi mtambo ni mbaya, maana ukiokoa miti iliyokuwa inakatwa hesabu inageuka, nasema mtambo unaovuja usihesabiwe kama nishati safi kisa tu una jiko linalowaka.

Wengine wanauliza kwa nini tung'ang'anie samadi wakati mabaki ya chakula yanatoa gesi nyingi zaidi kwa kilo. Kweli yanatoa, ng'ombe anakuwa ameshachukua sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwa kwenye majani. Ila ukijaza mabaki kwa pupa mtambo unachacha, asidi inapanda na bakteria wa methani wanagoma, ndo maana hata anayetaka kutumia taka za jikoni bado anaanzisha na samadi. Na tamaa ya gesi ina mwisho wake, Ujerumani yenye maelfu ya mitambo walifika mahali wanalima mahindi ya kulisha mitambo, mpaka sheria ya 2012 ikaweka kikomo cha asilimia 60 kwa mahindi na nafaka kwenye mitambo mipya. Hiyo sio taka tena, hilo ni shamba!

Baridi nayo, joto likishuka chini ya nyuzi 15 gesi inapungua mno, na ni kipindi hicho hicho unapotaka moto zaidi.

Kwangu mimi kinachobeba mtambo wa nyumbani wala sio gesi peke yake, ni lile tope linalotoka upande wa pili. Naitrojeni karibu yote inabaki humo tena ikiwa tayari kwa mmea, ila ukiliacha wazi juani sehemu nzuri inapotea kama amonia, na lisiwekwe kwenye mboga za kuliwa mbichi maana sio vijidudu vyote vinakufa. Mwenye shamba karibu na banda anakula pande zote mbili. Anayepima faida kwa jiko tu lazima aone amekula hasara.

So mwenye ng'ombe wa ndani, maji karibu na shamba, ajenge, tena atafute fundi anayejua kupima uvujaji kabla ya kufukia. Mwenye kundi linaloshinda malishoni asidanganywe, samadi ya zizi la usiku inaweza kutosha, lakini aipime kwa wiki kadhaa, msimu wa ukame ukiwemo, kabla hajachimba chochote. Na mtambo ukiziba mtu asiingie ndani kuuzibua, humo hakuna hewa.