Kocha Kafukuzwa, Nywele Zimebaki Nusu

Naandika hii nimevaa kofia ndani ya nyumba. Mke wangu kashauliza mara mbili kama kichwa kinaniuma, mtoto wa pili ndo anajua siri na nshamnunulia aiskrimu anyamaze, kwa hiyo niacheni niseme haraka haraka kabla bakuli halijaisha. Upande wa kulia kichwa changu ni cha bwana harusi. Upande wa kushoto ni cha mtu katoka mahabusu leo asubuhi. Na chanzo cha yote haya ni mzungu mmoja anaitwa Scott Frost, kocha wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, wa Chuo Kikuu cha Nebraska, hanijui, simjui, sijawahi kumkosea kitu, na jana Jumapili, tarehe 11 Septemba 2022, chuo kimemfukuza kazi na dola milioni 15 juu. Sio kwamba anadaiwa. Analipwa yeye.

Sisi wa Lincoln, Nebraska, mnatujua. Tuna mahindi, tuna upepo, tuna timu ya chuo, basi. NFL, ile ligi kuu ya huo mpira wa Kimarekani, hatuna, NBA hatuna, bahari ndo usiniulize kabisa. Kwa hiyo uwanja wa chuo unajaa kila mechi tangu Novemba 1962, Kenya ilikuwa bado ina gavana wa Mwingereza, na Jumamosi ya mechi ule uwanja peke yake unakuwa mji wa tatu kwa ukubwa jimbo zima. Nilipofika 2014 nikakuta watu wote wamevaa nyekundu, vibibi, vichanga, mpaka mbwa, nikasema alhamdulillah, kumbe Simba wana tawi mpaka huku. Mwaka huo huo wakamfukuza kocha anaitwa Bo Pelini. Kosa lake? Anashinda mechi tisa tu, au kumi, kila mwaka. Eti tisa hazitoshi. Tisa! Leo hii mtu akitushindia tisa tunamtafutia mke wa pili.

Basi wakaja wengine, mwisho wakamleta huyu Frost, na mji ulilia kwa furaha mimi nikiwa shahidi, maana ni mtoto wa nyumbani, kakulia hapa hapa Nebraska, ndo alikuwa kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, wa timu iliyochukua ubingwa 1997. Mkataba wa miaka saba, milioni 35. Mwaka jana katoka na ushindi mara tatu, kufungwa mara tisa, na zote tisa hizo kafungwa kwa tofauti ya pointi chini ya kumi, yaani sio kufungwa kwa kueleweka ukalala, ni kufungwa kwa kuchungulia mlango wa ushindi halafu unakubana vidole.

Sasa Jumamosi hii. Wamekuja watu wa Georgia Southern, chuo ambacho jirani yangu mzee alikuwa hajui hata kiko kaskazini au kusini mpaka akasoma jina vizuri. Wale tumewalipa zaidi ya dola milioni moja waje, ndo utaratibu wa huku, unamlipa mnyonge aje umpige mbele ya watu wako. Wamekuja, wamepokea hela, wametupiga 45 kwa 42. Wamesogeza mpira yadi 642 mle ndani, kwa kukimbia na kwa kurusha, kama wako kwenye shamba la baba yao, na wakaingiza la mwisho zimebaki sekunde 36. Halafu kuna hii, timu yetu ikifikisha pointi 35 hapa nyumbani ilikuwa haijawahi kupoteza, mechi 214, mzee jirani alikuwa anaitaja hiyo namba kama mtu anataja aya. Saa tano usiku nikamwona barazani anateremsha bendera yake nyekundu anaikunja polepole kama ya marehemu, nikazima taa ya sebuleni asinione.

Asubuhi akaniwahi kwenye gari. Swali lake moja tu, nami namtafsiria: afukuzwe leo au asubiriwe Oktoba mosi? Maana mkataba unasema ukimtoa sasa hivi unampa milioni 15, ukimtoa tarehe 1 Oktoba unampa saba na nusu. Nikasimama kama mtu mzima mwenye heshima zake, nikaweka mkono kidevuni, nikamwambia mzee tuwe na subira, siku ishirini si nyingi. Akanitazama kama nimemtukania mama. Nikaondoka zangu kwenda kunyoa. Ningejua.

Kinyozi wetu ni mtu wa Bukavu, Kongo. Kiti kimoja, mashine moja, wateja saba na maoni tisa. Jumapili baada ya kanisa pale huwezi kupata hata pa kuegemea. Nimekaa kwenye foleni saa nzima, hatimaye zamu yangu, shuka shingoni, mashine ikawashwa, upande wa kulia ukaanza vizuri kabisa, tena kwa utaratibu, nikafumba macho. Ndo mjinga mmoja kwenye benchi akauliza, "Jana mliona?"

Mashine ikasimama hewani.

"Kaka," kinyozi ananiambia mimi ambaye sijasema kitu, "minakuambia, bamufukuze leo leo. Haiko kesho."

Mkenya anayeendesha Uber, mwezi mzima wa Agosti hakuwa anaongea na ndugu yake kwa ajili ya uchaguzi wao, leo ndo kaja amepoa, akadakia, "Wee! Ngojeni October bana. Hiyo ni seven point five million. Hata kama si yangu inaniuma hapa." Akajishika kifua.

"Makuta si ya baba yako!" Kinyozi huyo, makuta kwao ndo hela.

"Ndio maana nasema waokoe!"

Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Burundi, mpole, akasema huyu ni mtoto wa nyumbani, mtoto akikosea hatupwi. Kijana wa pembeni akasema Chelsea Jumatano wametoa kocha wao Tuchel na ana kombe la Ulaya la mwaka jana tu, na huko kwetu Zoran Maki kaingia Simba Juni, Septemba keshaondoka, sasa huyu mwaka wa tano tunambembeleza ni shemeji yetu? Hapo nilitaka kuchangia lakini mtu akiwa na shuka shingoni na nywele upande mmoja hoja zake hazina uzito, mnajua wenyewe.

Kinyozi sasa akaamua kutufundisha. Kwake kila hoja ni mstari mmoja wa nywele, halafu anarudi nyuma hatua mbili aone kama imetuingia. Akachukua chupa ya kunyunyizia maji, hii ndo mpira. Chanuo, hii ndo Northwestern, chuo tulichocheza nacho mechi ya kwanza. Tuko Dublin, Ireland, tarehe 27 Agosti, tunaongoza 28 kwa 17, watu wameruka bahari kuja kuangalia. Kazi iliyobaki ni kupiga mpira mbali, uende huko, ukae huko. Yeye Frost anaagiza upigwe mfupi, wa kuviziana, eti tuudake tena wenyewe. Wakaudaka wale. Tukafungwa 31 kwa 28. "Kaka, umeshika nyama mukononi, unairusha juu uone kama imbwa itakosea?" Na kwa kunionyesha jinsi mpira ulivyoruka akarusha chupa, ikamwagika yote kwenye bega langu, hakuna aliyeomba msamaha.

Mkenya akaongezea kwamba siku ile mtandao wa kulipia uligoma uwanjani wakagawa bia bure. Kimya. Yaani tukafikiria wote, mtu kavuka Atlantiki, kanywa bia ya bure Ireland, na bado karudi Nebraska amenuna. Mzee wa kanisa akatikisa kichwa, sijui kwa ajili ya bia au kwa ajili ya mechi.

Nikasema kwa sauti ya upole, kinyozi, huku kushoto vipi.

"Ninakuya, ninakuya."

Ndo simu zikalia. Zote. Kwa mpigo mmoja, kama siku ya onyo la kimbunga. Kinyozi akasoma, akasoma tena, akapiga kelele moja mpaka mtoto aliyekuwa amelala kwenye benchi akaamka analia, akaweka mashine kwenye meza ikiwa bado inanguruma, akatoka nje. Nikamwona dirishani anampigia mdogo wake Omaha. Akakata, akampigia mwingine. Benchi zima likamfuata nje. Nimebaki mimi, mtoto anayelia, na Mkenya aliyekaa chini ameshika simu anapiga hesabu kwa uchungu, siku ishirini, milioni saba na nusu, ni dola 375,000 kila siku. "Kila siku, kaka! Kwa kumvumilia tu! Mimi nimevumilia mama mkwe miezi minne bure!"

Na mimi kwa ujinga wangu nikachukua simu nikapiga ya kwangu. Nalipwa dola 19 kwa saa. Hiyo siku moja ya kocha kuvumiliwa mimi naifanyia kazi miaka tisa na nusu. Nikaendelea, sijui kwa nini nikaendelea, ile 15 yote kwa masaa arobaini kwa wiki bila likizo bila kuumwa ni miaka 379. Maana yake ili leo niwe namaliza ningeanza kazi 1643, Mreno bado yumo Fort Jesus, Mombasa. Nikazima simu. Kuna hesabu mtu hatakiwi kupiga akiwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi.

Dakika arobaini. Karudi anang'aa kama mtu aliyepata viza, kashika mashine, mashine kimya. Chaji imeisha. Waya uko kwenye gari, gari kachukua mke wake kaenda nalo kwenye maombi ya wamama, yanaisha saa kumi na mbili.

"Kuya kesho, kaka. Minakumaliza bizuri."

Nikasimama, nikavua shuka, nikakung'uta nywele za upande mmoja, nikauliza kwa heshima zote shilingi ngapi. Kumi na tano. Dola kumi na tano! Nikamwambia kinyozi, ndugu yangu, hujamaliza kazi. Akanishika bega, lile lililolowa.

"Na ule Frost hakumaliza."

Nimelipa. Sina jibu mpaka sasa hivi naandika.

Sasa leo Jumatatu, kuhusu mafuta ya gari sisemi, kuhusu bima sisemi, nyie wenyewe mnajua. Nimechelewa kazini dakika saba kwa sababu nilikuwa natafuta kofia isiyo ya nyekundu. Kwetu kazini kuchelewa kunahesabiwa pointi, dakika saba ni nusu pointi. Pointi sita unaenda nyumbani, na unaenda na kikombe chako cha chai na soksi za akiba, milioni hakuna, hata asante hakuna. Mwaka jana walinipunguzia masaa kwa meseji. Saa nne usiku, nimelala. Meseji yenyewe haina hata habari za jioni. Na leo msimamizi wangu, huyo huyo aliyeituma, kasimama mbele yetu na macho mekundu anatuambia kwa kweli inasikitisha jinsi yule kijana alivyoachwa mechi tatu tu msimu umeanza, ana familia, angalau wangempa muda. Wangempa muda! Nilishika boksi nikaliweka chini taratibu maana nilihisi nitalirusha mbali kuliko ule mpira wa Dublin. Mtu kashinda mechi 16 kafungwa 31, mimi tangu 2014 sijadondosha boksi hata moja, na ana familia, na mimi hawa ninaowanunulia viatu kila baada ya miezi mitatu ni wa nani?

Haya. Nimerudi nyumbani nimekuta mzee jirani kapandisha bendera tena. Kafufuka. Ana karatasi yenye majina kumi na nne ya makocha, ameyaandika kwa peni, mengine kayakata, mengine kayawekea nyota. Kasema kwa sasa timu kapewa Mickey Joseph, naye aliwahi kuwa kwotabeki hapa hapa, na Jumamosi inakuja timu ya Oklahoma kucheza nasi. Kasema pia haogopi. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia mzee mimi mambo haya sina habari nayo kabisa, mimi ni mtu wa mpira wa miguu, halafu sijui ilikuwaje nikajikuta nimeshika peni, namwambia huyu wa namba sita mtoe, mtu akishindwa huko kwake atakuja kuweza huku kwenye upepo? Tumesimama pale barazani mpaka giza limeingia. Kanipa na mahindi ya kuchoma, mawili, mazuri, ila haya mahindi yao matamu hayana ule ugumu, ukitafuna unahisi unakula uji, mahindi ya kuchoma ni yale ya Korogwe stendi, limau na pilipili na chumvi, basi linapiga honi unakimbia na hindi mkononi. Siku hizi sijui wanauza bei gani. Kwenye grupu la familia nikiuliza chochote cha bei wananiambia na mchango wa harusi unasubiriwa, kwa hiyo siulizi.

Mashine ya kunyolea mpya dukani ni dola 34, nimeangalia. Ila ukishanunua unajinyoaje kisogoni?

Nasikia kijiko kinagonga chini ya bakuli. Aiskrimu imeisha. Mtoto anamwita mama yake.