Simulizi ya Mwanamke wa Kibirizi ni ya Nani?

Binti wa jirani yetu hapa Mwanga, Kigoma, alimaliza masomo ya uandishi wa habari mwaka jana na amekata shauri: anataka kuishi kwa kusimulia maisha ya wanawake na kuwatetea kwa simulizi hizo, wakiwamo viziwi, wajane na wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu ambao ni nadra kuulizwa chochote. Mama yake anamuunga mkono. Mjomba wake anasema hiyo si kazi, ni kujitolea kulikopambwa jina. Kwa kuwa nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, wamenifuata niamue. Neno moja la kuwajibu sina.

Mama ana ushahidi wake. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilianzishwa 1987, na kampeni zake zilichangia sana kupatikana kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Rebeca Gyumi naye alikuwa mtangazaji wa kipindi cha vijana cha televisheni kabla hajaenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971. Vifungu hivyo viliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa idhini ya mahakama, wakati umri wa mvulana uliwekwa kuwa 18. Alishinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikaipa nguvu hukumu ile 2019. Naamini mtu aliyewasikiliza wasichana kwa muda mrefu huingia mahakamani akijua ni kifungu kipi hasa kinachowaumiza.

Mjomba hajakosea kuhusu fedha. Mradi ukiisha, na posho imeisha. Redio hulipa kidogo tena kwa kuchelewa. Hilo halina ubishi, ndiyo maana nimemwambia binti ajifunze pia kuhariri sauti, akipate na Kiha sawasawa, maana Kiswahili peke yake hakifiki kila mlango wa mkoa huu.

Ila kinachoninyima usingizi si fedha. Ni namna tunavyochagua cha kusimulia. Mfadhili anapenda chozi, nasi tunamtafutia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Taarifa nyingi nilizozisikia zilikuwa za wavuvi na wenye vyombo. Lakini nenda Kibirizi, ufukweni mwa ziwa hapa Kigoma, alfajiri wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, ambazo ndizo dagaa huvuliwa kwa wingi. Utakuta wanawake wamejipanga na mabeseni, wananunua kwa fedha ya mkopo, wanaanika, wanawageuza dagaa kwa mkono mpaka wakauke pande zote, jicho moja likiwa juu kwenye mawingu. Mvua ikiwakuta, mtaji umeoza. Mwanamke huyo ana hesabu ya ufungaji wa ziwa ambayo hakuna mvuvi anayeweza kuitoa badala yake. Hajapigwa na mtu wala hajakimbia ndoa, basi sisi tunampita.

Na tukimfikia, twaweza kumuumiza. Nilipelekwa na shirika moja kuandika habari za mwanamke wa pale pwani ambaye mumewe alikuwa akichukua mauzo yake ya dagaa. Fomu ya ridhaa alisomewa harakaharaka kwa Kiswahili, naye anafikiri kwa Kiha. Akaweka dole gumba. Jina tulilibadilisha, picha tukampiga kwa nyuma. Tuliona tumemlinda. Kumbe kanga aliyovaa ilikuwa moja tu pale pwani, zawadi ya dada yake kutoka Burundi. Picha ilipofika kwenye simu za watu, haikuchukua siku tatu wakwe wakamwita kikao. Kwa wiki mbili hakuonekana kwenye chanja zake. Nilipoliomba shirika liiondoe picha, nilijibiwa kwamba ridhaa ilishatolewa.

Wapo wenzangu wanaosema tukianza kuogopa hivyo, wanyanyasaji watalala usingizi mnono, kwa sababu ukimya ndio blanketi lao. Naikubali hoja hiyo kwa uzito wake. Sheria ile ya 1998 isingepatikana kwa kunyamaza. Lakini anayelipa gharama ya sauti ile ni yule anayebaki Kibirizi, mimi nikiwa nimesharudi kwangu. Kwa hiyo sikubali kwamba dole gumba la siku moja linamfunga milele. Awe na haki ya kusema “basi, ondoeni” hata baada ya mwaka, na mwandishi asiyeweza kumhakikishia hilo asifungue daftari.

Kwa sharti hilo, binti aingie. Asianze na kamera, wala asianze na wenye majeraha. Akae na waanika dagaa giza mbili tatu, ajue beseni linanunuliwa bei gani na gunia linauzwa bei gani, ndipo aulize mengine.

Yule mama wa kanga nilirudi kwake mwaka huu kuomba kuandika upya, safari hii kuhusu biashara yake tu. Nilimsomea rasimu kwa Kiha, sentensi baada ya sentensi, tumekaa kwenye mchanga. Alifuta mbili. Moja ilikuwa ile niliyoipenda kuliko zote.