Tafadhali, Msivipake Rangi

Jamani wauzaji wa mitumba, nawaomba: mkikuta kigari cha kuchezea cha zamani, cha chuma, kiacheni kama kilivyo!

Jumamosi nilikuwa mnadani Msalato, Dodoma. Kwenye turubai, katikati ya masufuria na betri mbovu, nikaona Land Rover ya Matchbox, vile vigari vidogo vya kuchezea. Moyo ukanidunda. Nikaigeuza: tumboni jina la Lesney, watengenezaji wa Matchbox, lipo, na Uingereza ilikotengenezwa. Kampuni ile ilifilisika mwaka 1982, kwa hiyo kitu ni cha kale kweli. Lakini juu sasa! Rangi nyekundu ya kupakia geti, imepigwa kwa brashi mpaka mistari ya milango imezibwa na magurudumu hayazunguki. "Nimekitengeneza bosi, kimekuwa kipya," muuzaji ananiambia, na bei kaipandisha.

Kipya! Sisi wakusanyaji tunatafuta rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka. Michubuko ndiyo kumbukumbu yenyewe. Baba aliniletea Land Rover kama hiyo, ya kijani, aliposhuka na treni kutoka Dar. Mtaani tulikuwa tunasukuma magari ya waya yenye matairi ya ndala, basi kile kigari kikapita mikono ya watoto wote, kikaburuzwa kwenye mchanga wa korongo hadi kona zikabaki chuma kitupu. Kilipotea tulipohama.

Nimeinunua hivyo hivyo. Jioni nzima nimekwangua mlango mmoja kwa kijiti cha meno, taratibu, na chini ya ile nyekundu nimeona kijani.